Boksi la michemraba 100 ya kuunganisha: linasaidia kuelewa jumla ya namba zinazofuatana?

Kanuni ya jumla ya namba nzima zinazofuatana kuanzia 1 hadi n ni fupi: n(n + 1)/2. Wanaoikariri ni wengi. Wanaoweza kueleza ile + 1 imetoka wapi, na kwa nini tunagawanya kwa 2, ni wachache sana, na ndiyo maana wengi huiandika vibaya wiki mbili baada ya mtihani. Tumeipima bidhaa hii kwa swali hilo tu: je, inaonyesha + 1 na 2 zinakotoka?

Bidhaa yenyewe ni boksi la michemraba ya plastiki ya kuunganisha, ya aina iliyozoeleka: vipande 100, rangi 10, kila rangi vipande 10, kila kipande kikiwa na upana wa takriban sentimita 2. Kila kipande kina kinundu kimoja na matundu matano, kwa hiyo unaweza kuunganisha kwenye nyuso zote sita. Usiichanganye na aina nyingine inayofanana nayo dukani, ambayo huunganishwa kwa mstari mmoja tu. Ile inafaa kuhesabia, lakini haikunji kona, na nusu ya kazi tutakazoeleza hapa haziwezekani nayo.

Jibu letu ni ndiyo, inasaidia, na kwa jambo hili moja inashinda kikokotoo. Ukijumlisha 1 hadi 9, kikokotoo kinakupa 45 na kunyamaza. Vipande vinakuonyesha kwa nini ni 45. Ila boksi lina kasoro tatu ambazo usipozijua mapema zitakuharibia somo: idadi ya 100 haitoshi kwa mfano unaotumiwa zaidi, kinundu kinakaa mahali pabaya, na vipande 10 kwa rangi ni vichache.

Tuanze na idadi. Picha inayoeleza kanuni ni ngazi mbili zinazofanana. Ngazi ya kwanza ina minara ya 1, 2, 3 hadi n. Ya pili ni hiyo hiyo, imegeuzwa kichwa chini na kuchomekwa juu ya ya kwanza, zote mbili zikawa mstatili. Mwalimu au mzazi wengi wataanza na 1 hadi 10, kwa kuwa kumi ndiyo namba inayomjia mtu kwanza akilini. Ngazi moja ya vidato 10 inakula vipande 55, mbili zinakula 110. Boksi lina 100. Mwanafunzi anafika mwisho, mstatili una pengo la vipande kumi, na badala ya kuona kanuni anaona upungufu. Ngazi kubwa kuliko zote inayoweza kurudiwa mara mbili kwa boksi moja ni ya vidato 9: 45 na 45, jumla 90, zinabaki 10. Anza na 9 na usiguse 10 kabisa.

Kasoro ya rangi inafuata hapo hapo. Ngazi mbili lazima zitofautiane kwa rangi, la sivyo zikishaungana jicho linaona mstatili mmoja na kusahau kwamba ulitokana na nakala mbili. Rangi moja ina vipande 10, navyo vinatosha ngazi ya vidato 4 barabara, maana 1 + 2 + 3 + 4 = 10. Kwa hiyo somo la kwanza kabisa lifanyike kwa rangi mbili na vidato 4: mstatili wa 4 kwa 5, vipande 20, nusu nyekundu nusu bluu. Ukitaka kupanda hadi 9, gawa rangi kumi katika makundi mawili, tano zilizokolea na tano hafifu. Kila kundi lina vipande 50, ngazi inahitaji 45, vinabaki vitano kila upande. Mchanganyiko hauvutii sana machoni, lakini mpaka kati ya ngazi mbili unaonekana hata ukisimama mbali.

Sasa kinundu, kasoro inayoudhi zaidi. Mtu akijenga minara kwa silika yake, kila mnara utakuwa na kinundu juu. Kuna matatizo mawili hapo. Kwanza, minara haishikani kwa ubavu, maana kinundu pekee cha kila kipande kimeshatumika kuelekea juu. Ukiinua ngazi uigeuze, inamwagika. Pili, ukifanikiwa kuigeuza, vinundu vya ngazi ya pili vinakutana uso kwa uso na vinundu vya ngazi ya kwanza, na katikati ya mstatili kunabaki mwanya. Mwanafunzi mwerevu atauliza kama huo mwanya nao unahesabiwa, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Dawa ni kujenga kwa namna nyingine. Chukua vipande 9 uviunganishe vikiwa vimelala viwe safu moja. Hicho ndicho kitako. Kila kipande cha kitako sasa kina tundu wazi juu. Kisha jenga minara ya 1 hadi 8 na uichomeke kwenye kitako vinundu vikitazama chini, ukiacha kipande cha kwanza bila mnara. Umepata vidato 9: cha kwanza kina kimo cha 1, cha mwisho kimo cha 9. Ngazi nzima imeshikana chini, na juu ni matundu matupu yasiyogongana na kitu. Jenga ya pili vivyo hivyo, igeuze nusu mzunguko, ilaze juu ya ya kwanza. Zinakutana bila mwanya, na kinundu pekee kinachobaki kwa kila ngazi kiko mwisho wa kitako, nje ya mstatili. Njia hii ina faida ambayo haikutarajiwa: inaonyesha kwamba ngazi ya 9 ni ngazi ya 8 iliyowekewa safu ya 9 chini yake, yaani 36 + 9 = 45.

Mstatili ukishakaa, usikimbilie kuandika kanuni. Hesabu upana: 9, kwa sababu kuna minara tisa. Hesabu kimo: 10. Hapa ndipo pa kutulia. Mnara wa 1 umefunikwa na wa 9, wa 2 umefunikwa na wa 8, wa 3 na wa 7, na kila mara ni 10, yaani moja zaidi ya idadi ya minara. Kwa nini moja zaidi? Kwa sababu mnara mrefu kuliko wote, wenye kimo cha n, nao umepata mwenzake, na mwenzake ni yule mfupi wa 1. Hiyo ndiyo + 1. Mstatili mzima ni 9 × 10 = 90, na kwa kuwa ulitumia nakala mbili, ngazi moja ni 45. Hiyo ndiyo 2. Mwambie mwanafunzi aseme mwenyewe kipi ni kipi huku ameshika vipande. Akisema "tunagawanya kwa 2 kwa sababu kanuni inasema hivyo", bado hajaona.

Njia maarufu ya kuoanisha mwanzo na mwisho, ile inayosimuliwa pamoja na jina la mwanahisabati Mjerumani Gauss (1 + 100, 2 + 99, jozi 50 za 101, jumla 5050), ni sahihi, lakini ina mtego. Jaribu 1 hadi 9: jozi ni nne tu, na 5 inabaki katikati peke yake. Wengi hukwama hapo na kuanza kuuliza kama kuna kanuni mbili, moja ya shufwa na nyingine ya witiri. Ngazi mbili haziujui mtego huo, kwa kuwa kila mnara unaoanishwa na mnara wa ngazi nyingine, na ule wa 5 unaoana na 5 mwenzake. Vilevile swali la kama nusu inaweza kuleta sehemu linajibika: kati ya n na n + 1 lazima moja iwe shufwa, hivyo n(n + 1) hugawanyika kwa 2 siku zote.

Kosa linalojirudia zaidi kuliko mengine ni kuandika n × n ÷ 2. Boksi linalishughulikia vizuri. Jenga mraba wa 5 kwa 5 ulazwe mezani, halafu ukate ngazi ndani yake ikiwa na ulalo wa kona hadi kona. Upande wenye ulalo una vipande 15, upande wa pili una 10. Si nusu kwa nusu! Ulalo wenye vipande 5 umekwenda upande mmoja wote. Nusu ya mraba ni 12.5, nusu ya ulalo ni 2.5, jumla 15. Anayeandika n²/2 ameukata ulalo katikati ya vipande. Na ule upande wa 10 ni zawadi: ni jumla ya 1 hadi 4, yaani n(n − 1)/2, kanuni ile ile inayohesabu watu 5 wakipeana mikono kila mmoja na kila mmoja. Ukiviona vyote viwili kwenye mraba mmoja, huchanganyi tena lini ni + 1 na lini ni − 1.

Kwa namba zisizoanzia 1 boksi ni bora zaidi, na tungesema sehemu hii peke yake inatosha kulinunua. Chukua 5 hadi 10. Namba ni ngapi? Wengi watasema tano, kwa kuwa 10 − 5 = 5. Panga minara mezani uihesabu: 5, 6, 7, 8, 9, 10. Ni sita. Idadi ni ya mwisho toa ya kwanza, jumlisha 1. Hesabu yake ni vipande 45, nakala mbili ni 90, kwa hiyo boksi linatosha kujenga mstatili: upana 6, kimo 15, ambacho ni 5 + 10. Nusu ya 90 ni 45. Kwa kanuni: (ya kwanza + ya mwisho) × idadi ÷ 2.

Kuna njia ya pili ya kupata 45 hiyo, ya kutoa ngazi kutoka kwenye ngazi. Ngazi ya 10 ina 55. Ng'oa nini kutoka kwake ili ibaki 5 hadi 10? Kosa la kawaida ni kutoa ngazi ya 5, yaani 15, na kupata 40. Hapo umemng'oa 5 ambaye ulitaka abaki. Inayong'olewa ni ngazi ya 4, yenye vipande 10. Kwenye karatasi kosa hili halionekani. Mezani linaonekana papo hapo, maana mnara wa 5 uko mkononi mwako badala ya kuwa kwenye safu.

Ya tatu ni kusawazisha. Panga minara ya 5 hadi 9, kisha hamisha vipande viwili kutoka 9 kwenda 5, na kimoja kutoka 8 kwenda 6. Minara yote mitano ina 7. Jumla ni 5 × 7 = 35: namba ya katikati zidisha kwa idadi. Rudia kwa 5 hadi 10 na haisawaziki. Inabaki mitatu ya 7 na mitatu ya 8, kwa sababu wastani ni 7.5 na kipande hakikatiki. Wapo watakaoona hii ni dosari ya bidhaa. Sisi tunaiona ni faida, kwani ndiyo tofauti halisi kati ya idadi witiri na idadi shufwa ya namba.

Namba witiri zinalipendeza boksi hili kana kwamba lilitengenezwa kwa ajili yake. Weka kipande kimoja. Kizungushie umbo la L la vipande 3, upate mraba wa 2 kwa 2. Zungushia L ya 5, mraba wa 3 kwa 3. Endelea hadi L ya 19 na boksi limekwisha: mraba wa 10 kwa 10, vipande 100, hakuna hata kimoja kilichobaki. Kila L ijengwe kama mnyororo mmoja, kinundu kikifuata mwelekeo ule ule hadi mwisho, ili kitokeze nje ya mraba. Rangi zinatosha ukizipanga: L ya 1 na ya 9 zinashiriki rangi moja, ya 3 na ya 7 rangi moja, 5 na 15 rangi mbili, 11 na 19 rangi tatu, 13 na 17 rangi tatu. Jumla ya witiri n za kwanza ni n². Angalia tu mwanafunzi asichukue 19 akaizidisha kwa 19. N ni idadi ya maumbo ya L, nayo ni 10, yaani (19 + 1) ÷ 2.

Mia moja hiyo hiyo ina jambo jingine zuri zaidi. Jenga mchemraba wa 1, wa 2 kwa 2 kwa 2, wa 3 na wa 4. Vipande ni 1 + 8 + 27 + 64, yaani 100. Tena boksi limekwisha. Sasa vibomoe uvilaze kwenye mraba wa 10 kwa 10: 1 kwenye kona, vile 8 vinauzunguka na kuupanua hadi 3 kwa 3, 27 vinafikisha 6 kwa 6, 64 vinafikisha 10 kwa 10. Na 10 ni 1 + 2 + 3 + 4. Jumla ya michemraba ya namba zinazofuatana kuanzia 1 ni mraba wa jumla ya namba zenyewe. Ule wa 3 unakaa kwa matabaka matatu ya 3 kwa 3 bila kukata kitu, lakini wa 2 na wa 4 lazima tabaka moja ligawanywe nusu mbili, moja kila mkono wa L. Usipolisema hili mapema watu wataamini wamekosea.

Jumla ya miraba (1 + 4 + 9 na kuendelea) ndipo bidhaa inaposhindwa. Kanuni yake ni n(n + 1)(2n + 1)/6, na picha yake inahitaji piramidi sita zinazofanana. Kwa n = 3 kila piramidi ni vipande 14, sita ni 84, na zinafanya boksi la 3 kwa 4 kwa 7. Idadi inatosha, ila kuzipachika piramidi sita huku vinundu vikichomoza kila upande ni kazi ya kuchosha, na anayemaliza huwa ameshasahau swali. Kwa hilo chora, au tumia vipande laini visivyo na vinundu.

Kama unatafuta zoezi la kumwachia mtu peke yake, mpe vipande 15 umwambie avipange kuwa minara inayofuatana kwa kila njia anayoweza. Zipo tatu: 7 na 8; 4, 5 na 6; 1 hadi 5. Kisha mpe 16. Haiwezekani, na sababu imo kwenye mstatili wa nakala mbili. Idadi ya minara na jumla ya ya kwanza na ya mwisho haziwezi kuwa zote shufwa wala zote witiri. Moja lazima iwe witiri. Mstatili wa 32 hauna upande witiri isipokuwa 1. Ni hivyo hivyo kwa 2, 4, 8, 32, 64 na wenzao.

Mpaka wa bidhaa ni huu: vipande vinathibitisha 9, haviwezi kubeba 100. Nakala mbili za 1 hadi 100 ni vipande 10,100. Kwa hiyo kabla ya kurudisha vipande kwenye boksi, uliza mnara wa saba ungefunikwa na wa ngapi kama ngazi ingekuwa ya vidato 100. Anayejibu 94 papo hapo ameshaelewa kwamba k hufunikwa na n + 1 − k popote pale, na hahitaji tena plastiki. Anayesita arudi kwenye ngazi ya 4.

Kuhusu kununua: kwa mwanafunzi mmoja boksi moja linatosha. Kwa kikundi, mawili ya aina moja ni bora kuliko moja kubwa la rangi chache, kwani vipande 200 vinafikisha ngazi mbili za vidato 13, zenye 182, na rangi zinapata vipande 20 kila moja. Usichanganye watengenezaji, tofauti ndogo ya upana inatosha kufanya vinundu vilegee au vigome kabisa. Na ukilipokea, vihesabu kwa rangi kabla ya kuanza, kwa sababu ule mraba wa 10 kwa 10 ukikosa kipande kimoja haujifichi.